Ndege Moja kati ya Tatu

Mpanda Mjini,
16 Machi 1996

Kwako kaka Makarius,

Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje hapo Mwese? Goti la mama limeacha kumsumbua, au bado anaficha maumivu ili msimkataze shamba? Mimi na mwanangu Lucia ni wazima wa mwili. Wa moyo sitakudanganya.

Najua habari ya ndege imeshawafikia, maana umbea wa Mpanda hausubiri lori. Nasikia huko mnaambiwa ilichomwa moto. Si kweli. Ngoja nikueleze mimi niliyekuwepo.

Unaikumbuka ile ndege kuukuu ya injini mbili, inayokaa mkia chini, uliyosema ni basi lililoota mabawa. Miaka miwili imetuletea dawa na maturubai ya wakimbizi, na mimi ndiye niliyekuwa naijaza mafuta kwa pampu ya mkono. Kapteni, yule mzee wa Kizungu, alikuwa akituambia kwamba za aina yake zinazoweza kuruka zimebaki tatu dunia nzima. Mbili ziko Ulaya, zinarushwa siku za sikukuu watu watazame. Hii ya kwetu ndiyo peke yake iliyokuwa bado inafanya kazi. Akisema hivyo anaipapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa, nasi tunamcheka.

Wiki juzi, siku ya Alhamisi, iliruka na kapteni peke yake. Haikufika mbali. Juu ya Kasokola injini zote mbili zilikohoa, zikanyamaza, ikaanguka kwenye mahindi ya watu. Kapteni alivunjika mkono. Ndege ilikatika vipande viwili, na mtaalamu aliyekuja kutoka Dar alisema haitengenezeki tena. Kapteni alilia mbele yetu, mtu mzima yule, na hakuwa analilia mkono.

Kwenye matangi walikuta maji. Polisi wakamkamata Sixte, fundi wetu, yule Mrundi wa Mishamo aliyekurekebishia baiskeli. Watu wanasema mkimbizi ametia maji makusudi. Jumatatu anapelekwa Tabora, na mke wake ana mimba ya miezi minane.

Kaka, kosa ni langu.

Masika mapipa ya petroli huingia maji, kwa hiyo kabla ya kujaza tunachuja kwa faneli yenye ngozi laini ya mbuzi. Ngozi ikiwa kavu hupitisha petroli na kuzuia maji. Ikilowa, vyote vinapita. Nilifundishwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini. Sasa ile asali yako ya kuposea, uliyosema haiwezi kwenda ukweni kwa mwanao Ngolo ikiwa na nta na miguu ya nyuki, niliipasha moto nikaichuja kwa ngozi ile ile. Ukaisifu sana. Baadaye nikaiosha ngozi kwa sabuni na kuianika, lakini mvua haikukatika siku tatu. Siku ya safari ilikuwa bado na unyevu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, kapteni ana haraka. Sixte akaniuliza, "Dada Pelagia, ngozi imekauka?"

Nikamwambia imekauka. Niliona haya kusema habari ya asali.

Jana nilimpelekea ugali mahabusu. Akanishukuru, akasema nisiwe na wasiwasi, kwamba amewaambia polisi wasinisumbue kwa sababu huyu dada hakosei kazi yake. Nilishindwa kumtazama usoni.

Barua hii namkabidhi dereva wa lori, kisha natoka stendi kwenda kituo cha polisi kusema yote. Sijui watanifanya nini. Naogopa, kaka. Njoo umchukue Lucia mwenyewe, usitume mtu, na umweleze ukweli kabla hajausikia kwa majirani. Msalimie wifi Evaline, na mama umwambie taratibu. Nawe usijilaumu, hukujua asali nimeichuja kwa kitu gani.

Ni mimi mdogo wako,
Pelagia