Ulipoketi, Nikasema Tungoje Wingu

Dada Zawadi,

Nisamehe kwa kuchelewa hivi kukuandikia. Miezi kumi na moja imepita. Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza Imani aliichana karatasi na kuitia mdomoni, mara ya pili nilifika kwenye jina lako nikashindwa kuendelea, mara ya tatu nilijiambia ngoja kwanza nipate habari njema ya kumpelekea. Haijapatikana. Basi nakuandikia hivyohivyo.

Neema anakusahau.

Nimeliandika upesi nisije nikaliruka. Juzi nilikuwa namsuka, amekaa katikati ya magoti yangu, Imani mgongoni analia, nikamsikia anauliza, "Mama Imani, mama yangu alikuwa na sura gani?" Nikasema alikuwa na macho makubwa. Akaniambia, "Hata jirani ana macho makubwa." Nikasema alikuwa na kidoti shavuni. "Shavu gani?"

Dada, sikujua. Mimi niliyekuwa nakutazama kila siku kwa miaka mitatu, wewe uliyenifundisha kuusoma uso wa mtu kabla sijagusa kamera, nilikaa pale na chanuo mkononi na sikujua. Nikamwambia la kulia. Usiku wake nikaona ni la kushoto. Sasa nikijaribu kukuona, kinahama.

Na hatuna pa kutazama. Picha zako za harusi zilibaki Bukavu siku mlipokimbia. Simu yako ilipotelea hospitali na yote yaliyokuwamo. Za kwaya tunazo nyingi, lakini ulizipiga wewe, kwa hiyo watu wote wa kwaya wamo isipokuwa wewe. Iliyobaki ni ile ya kitambulisho cha ukimbizi. Ndiyo tuliyoikuza kwa ajili ya mazishi, maana jeneza halitoki bila picha juu yake. Flashi imekupiga katikati ya paji, macho yamekutoka. Yule kijana wa duka la kuchapa mjini akadhani anatusaidia, akakulainisha kwa kompyuta mpaka ukawa kama mwanasesere. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kwa sauti, "Huyu ndiye nani?" Na wewe ulikuwa umelala pale chini yake, ndani ya jeneza. Niliitundika nyumbani wiki moja. Neema akasema niitoe, yule wa kwenye picha anamkasirikia. Nikaitoa.

Ningekuwa na moja tu. Na ningekuwa nayo, hilo ndilo linalonimaliza.

Unaikumbuka Jumamosi ile. Ulikuwa umeshakonda, lakini uliamka mwenyewe, ukavaa kitenge cha bluu, ukafunga kilemba, ukaja kuketi kwenye kigoda cha wateja, hatua moja ndani ya mlango, pale pale ulipozoea kuwaweka watu ili mwanga uwaingie kwa ubavu. Ukaniita, "Esta wewe, acha vyombo. Leo nipige mimi. Ya Neema."

Nilishusha chandarua mlangoni kupunguza makali ya jua. Nililigeuza gunia la mchele upande mweupe nikakutandikia magotini ili mwanga urudi chini ya kidevu. Nilifanya kila kitu ulivyonifundisha. Nikapiga tatu za kupima mwanga. Lakini jua la saa nne lilikuwa limeujaa uwanja, chandarua hakikutosha, na kwenye kioo cha kamera niliona mifupa ya mashavu yako imesimama na macho yameingia ndani. Nikaona aibu. Sikutaka Neema akuone hivyo maisha yake yote.

Nikakwambia, "Dada, tungoje wingu."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Umenikamata na maneno yangu." Kweli yalikuwa yako. Nani hakuyasikia hapa mtaani Kisugu? Watu walikuja wamevaa, wana haraka, na wewe unawaambia, "Keti kwanza, nyabo, jua hili litakufanya uonekane una njaa. Tungoje wingu." Wengine waliondoka wakitukana. Yule dada wa saluni aliyetaka apigwe flashi atoke mweupe, ukamjibu, "Flashi ni ya polisi. Na weupe kauombe kwa mama yako, mimi nampiga aliyekuja." Alikaa. Alipojiona kwenye picha akalia, akaleta na dada zake wawili.

Basi tukangoja, mimi na wewe. Nilimnyonyesha Imani. Ulikula nusu ya ndizi. Neema aliketi kizingitini anaangalia juu, anatutangazia, "Lile linakuja! Bambi, masikini, limepita." Wingu halikuja. Saa sita ukasema mgongo unauma, kesho basi. Nami nikasema sawa, kesho asubuhi mapema mwanga utakuwa mzuri zaidi.

Kesho asubuhi mapema tulikuwa hospitali. Siku ya tano nikarudi na nguo zako peke yake.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Zile tatu za kupima. Jioni ile ile ya Jumamosi nilikuwa nanyonyesha, kamera iko mkono wa pili, nikafanya kama tulivyofanya kila jioni, maana kadi yetu ni ndogo: nikafuta za kupima. Sikutazama hata. Kidole kimezoea. Moja, mbili, tatu. Ulikuwa umelala hatua mbili kutoka kwangu.

Baada ya mazishi niliipeleka kadi kwa mafundi wanaosema wanarudisha vilivyofutwa. Ilirudi na sherehe za watu, na watoto wa ubatizo, na mzee mwenye kofia. Nilikuwa nimeshapiga nyingine juu ya zako. Tangu siku ile sifuti kitu. Kadi ikijaa nanunua nyingine na tunalala na chai kavu.

Mambo mengine ni haya. Mwenye nyumba anajenga vyumba vipya pale uwanjani, mbele ya mlango wetu kabisa. Nilimwomba aache nafasi, nikamwambia kazi yetu ni mwanga. Akaniangalia kama mgonjwa. "Mwanga si uko barabarani, nyabo?" Ukuta umenifika begani. Kila wakipanga mstari wa matofali, chumba kinazidi kuwa cheusi. Zamani kigoda chako kilikuwa na mwanga mpaka saa kumi, siku hizi saa tano kimeshaingia kizani. Wakiweka mabati, basi. Wateja wameanza kupungua. Wanasema mimi si wewe, na hawasemi uongo. Nikimwambia mtu atabasamu, anakaza. Wewe ulikuwa unamwinamia mzee sikioni, taya lake linalegea lenyewe.

Nimechoka, Dada. Sikuandikii ili unionee huruma, najua ungeniambia funga kitenge vizuri, nawa uso. Nanawa. Lakini watoto wakilala huwa nakaa nikitazama ule mlango na naona nilikuwa na uso wako mbele yangu, na kamera mkononi, na nikaona jua ni baya. Jua! Kana kwamba wewe ulikuwa jambo la kurudiwa.

Hata hivyo nakuahidi hili, na unajua nikisema nimesema. Kesho, kabla mafundi wa ukuta hawajaja, nitamketisha Neema kwenye kigoda chako. Paji la uso ni lako, na anavyokunja mdomo akikataa uji, huyo ni wewe mzima. Nitampiga jua likiwepo, mvua ikiwepo, akilia, akiwa na makamasi. Na kila mwezi nitampiga tena, hapa au barabarani, ili akikua azipange zote atafute mwenyewe mahali mama yake anapotokea. Sijui kama itatosha. Naona haitatosha. Lakini sitamwambia angoje, wala yeye wala mtu yeyote anayeketi mbele yangu. Na kula atakula, shule atakwenda, hilo usiliwazie.

Pumzika basi, mwalimu wangu. Usilale ukinichukia.

Ni mimi, Esta.

Ukipata wa kumtuma huku, bado nahitaji vitu hivi. Shavu, la kulia au la kushoto, taja moja tu. Lile neno la Mashi, lugha ya kwenu, ulilokuwa unawanong'oneza wazee. Sauti yako ukimwita Neema kuja kula, maana ameanza kuichanganya na yangu. Na moja kati ya zile tatu, hata iliyo mbaya kuliko zote, yenye mifupa, jua lote usoni.

Wingu usitume.