Kiwanda cha Bartley Kilikuwa Upande Gani

Mtaa wa Kinu, nambari 9,
Carrigmoyle,
Roscommon.
14 Novemba, 2019.

Mpendwa dada Attracta,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani huko Ballarat? Magoti yanasemaje? Najua nyumba imekuwa kubwa sasa bila shemeji Noel. Mazishi yake niliyaona yote kwenye simu ya Grainne, na ulivyosimama wima kaburini ulinipa moyo. Mimi sijambo, ila kikohozi hakijaniacha, na mvua haijakatika tangu sikukuu ya Watakatifu Wote.

Dada, kuna jambo linaninyima raha, na sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne iliyopita kikundi cha kumbukumbu za mji kilituita wazee kwenye ukumbi wa parokia. Walitandaza karatasi kubwa mezani wakatupa kalamu, tuonyeshe vitu vilivyokwisha kutoweka vilikuwa wapi. Tulianza vizuri: sinema, kiwanda cha ngozi na uvundo wake, duka la Lavin aliyeshona matandiko ya farasi, wale mafundi mapipa watatu wa Mtaa wa Daraja. Nikajiona mtu wa maana. Kisha nikachora kiwanda cha mhunzi Bartley Feeney, upande wa kulia ukielekea mtoni.

Mossie Tarpey alicheka mpaka chai ikamwagika. "Fintan, bwana wee, Bartley alikuwa kushoto. Au ulimhamisha wewe, na nyundo zake?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikabisha. Nikamwambia yeye enzi hizo alikuwa akiwakimbia farasi, angejuaje walikopigiliwa viatu vya chuma? Lakini wengine nao wakasema kushoto, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama watu wanaozungumza na mgonjwa.

Grainne hakucheka. Tulipofika nyumbani akasema, "Baba, hii si mara ya kwanza." Ni kweli. Mwezi uliopita nilikwenda posta asubuhi mbili mfululizo, na posta imefungwa mwaka wa tatu huu. Nilimwambia ni miguu tu, imeizoea njia. Amenipangia daktari tarehe tisa mwezi ujao, na amekwisha kwenda kutazama nyumba ya wazee huko Sligo. Anasema ina bustani. Mwanangu ni mwema, simlaumu. Ila naogopa, dada. Naogopa sana.

Mtaa wenyewe hauwezi kunitetea. Walipopanua barabara walibomoa pande zote mbili. Leo kulia wanaegesha magari, na kushoto wanaegesha magari.

Ndiyo maana nakuandikia. Unazikumbuka chunjua zako? Mama alikutuma kwa Bartley asubuhi tatu, ukachovye mikono kwenye maji aliyopozea chuma, bila kutamka neno njiani kwenda wala kurudi, la sivyo dawa isingefanya kazi. Mimi nilitumwa nyuma yako niulinde mdomo wako, na sijapewa kazi ngumu kama hiyo tena maishani. Siku ya pili ukamtukana bata wa Bibi Beirne, ikabidi tuanze upya. Nakumbuka lile pipa la maji, jua likiingia mlangoni, na vidole vyako vilivyokuwa vyekundu kwa baridi.

Mikono ilikuwa yako. Niambie tuliingia upande gani. Usimuulize mtu, na usinihurumie. Ukisema kulia, barua yako nitampa daktari aisome mwenyewe. Ukisema kushoto, nitafunga sanduku langu na Grainne hatasikia ubishi.

Nisalimie Kathleen na watoto wake. Mwambie Noel kwamba Roscommon tumefungwa tena kwenye mpira, na asinicheke. Grainne anakusalimu, na hata Mossie, shetani yule, anauliza habari zako. Mungu akufunike kwa mkono wake mpaka tuonane, hapa au kwake.

Ndimi mdogo wako akupendaye tangu siku za chunjua,

Fintan

N.B. Nimeisoma barua kabla ya kufunga bahasha, nikaona nilivyomtumia Noel salamu. Nisamehe, dada. Nilishika kalamu nifute, kisha nikaona kufuta ni kukudanganya. Lakini kuhusu Bartley nijibu vilevile, na ujibu upesi, ningali nakumbuka nilichokuuliza.