Wimbo Wako Uko Kwenye Santuri, Dada

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Dada yangu Filomena,

Pokea salamu zangu, na natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima wa mwili. Wa moyo sijui, na nikimaliza kuandika nadhani nitakuwa nimeuharibu kabisa. Mguu wa mama unaendeleaje? Ile nyumba mpya mliyojenga kijiji kilipohamishiwa kando ya barabara bado inavuja? Mimi nakula, nalala, nafanya kazi. Zaidi ya hapo usiniulize leo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako mwenyewe. Herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo, lakini nimesoma zote. Kwa kuwa elimu ya watu wazima imekufikisha hapo, barua hii usimpe mwalimu akusomee kama zamani. Isome mwenyewe. Ukikwama kwenye neno, lirudie polepole, lakini usimsomee mtu mwingine, hata mama.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, siku hizi nasikiliza santuri gani, maana unasema mimi bila muziki hata ugali haushuki. La pili ni lile lile la kila barua, kama nimemwona mumeo Kasiano na kama amekusalimu. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo jepesi, ingawa utaona mwenyewe jinsi lilivyo jepesi.

Kazi yangu ni ile ile, kutengeneza gramafoni kwa Mzee Ramadhani, yule aliyekuwa na duka Mpanda mjini kabla hajahamia huku. Gramafoni ikishapona lazima ijaribiwe, kwa hiyo kutwa nzima nasikiliza santuri za watu. Mwezi huu kuna moja kubwa ya Wakongo, zile zenye nyimbo tano kila upande, imeletwa na karani wa bandarini. Gitaa la kwanza linaingia taratibu, la pili linalijibu, la tatu linawachokoza wote wawili. Maneno sielewi hata moja na ndiyo maana naipenda. Mzee Ramadhani haitaki. Yeye ana santuri yake ya taarabu, mwanamke anamsuta jirani yake upande mzima bila kumtaja jina, na mzee anacheka peke yake. "Desideri," ananiambia, "huyu angekuwa Mpanda asingemaliza mwezi. Wangejua tu anamsema nani."

Ipo na ya kwaya, wameimba misa nzima kwa ngoma na kayamba. Hiyo niliiazima nikakaa nayo wiki. Wanawake wale wanabana pua, nyie pale kigangoni mnaimba vizuri kuliko wao, lakini niliisikiliza kila jioni kwa sababu nilikuwa nawakumbuka.

Sasa ile ya nne.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mwenye baa. Gramafoni yake ilikuwa inazunguka kwa kusuasua, mpaka waimbaji wanasikika kama walevi. Nikabadilisha mpira unaoizungusha. Akatoa kwenye kikapu santuri mpya ya bendi moja ya hapa mjini, akasema nijaribu na hiyo, upande wa pili, wimbo wa kwanza. Nikaweka sindano. Magitaa yakaanza, tarumbeta zikafuata, halafu mwanamume akaimba habari za jembe na mpini. Nikainua sindano nikairudisha mwanzo. Yule mama akanung'unika kwamba namkatisha, nami nikasikiliza tena mpaka mwisho nikiwa nimeshika meza.

Dada, ni wimbo wako. Ule uliouanzisha shambani kwa mama Yustina tulipokuwa tunapalilia mpunga, mwaka mmoja baada ya Kasiano kuondoka, wiki chache baada ya kumzika mwanao Tekla. Nilikuwepo, mstari wa tatu nyuma yako, na jembe langu lilisimama. "Umeniachia jembe bila mpini, mpunga umenipita kimo. Tekla aliniuliza njia uliyopita, nami njia siijui. Sasa Tekla amechoka kuuliza, amelala." Wanawake wote waliitikia huku wanalia na hakuna aliyeacha kupalilia.

Tuni haikubadilishwa hata kidogo. Kilichobadilishwa ni maneno, yametolewa kwenye lugha yetu yakawekwa kwa Kiswahili. Anaimba kwamba yeye alimwachia mwanamke jembe na mpini wake, na mwanamke akauchoma mpini apikie wageni. Wageni gani, wenye akili wanajijazia wenyewe. Halafu kiitikio, bendi nzima: "Tekla, Tekla, usilale, muziki haujaisha." Mtoto wako aliyekufa kwa surua, baba yake akiwa hajulikani aliko, sasa ni msichana wa kuchezewa dansi. Yule mama mwenye baa alikuwa anakata kiuno mbele ya meza yangu. Akaniambia, "Fundi, ongeza sauti." Nikaongeza. Nifanyeje, ndiyo kazi yangu.

Katikati ya santuri kuna karatasi ya duara. Jina la mtunzi limeandikwa hapo, na ni jina la Kasiano.

Utajiuliza ameupata wapi, maana ulipouimba yeye alikuwa ameshapanda treni Mpanda zamani. Hapa ndipo barua inaponishinda, na nimeiacha mara mbili nikaenda kunywa maji. Ameupata kwangu.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimemwona, anapiga gitaa kwenye bendi. Sikukuandikia yote. Nilimwalika kwangu mchana wa Jumapili, nikapika ugali na dagaa, na tulipomaliza kunawa nikamwimbia wimbo wako. Mimi ni mtu wa Usevya, dada. Nimekua nikijua kwamba mtu akiimbiwa shambani hana pa kujificha. Si unamkumbuka baba mdogo, mbuzi wake walipokula mahindi ya mjane, akaimbiwa siku moja tu? Alikuwa mkali kama pilipili, lakini kabla ya juma kwisha alikwenda mlangoni kwa yule mama na kuku mkononi, kichwa chini, na wanawake walioitikia wakamla kuku yule pamoja, maneno yakaisha. Nikafikiri na Kasiano ni hivyo hivyo. Nikafikiri wimbo ukimfikia utamrudisha kama kamba.

Na kweli alilia. Nakuapia kwa Mungu, machozi yalimtoka. Akaniambia, "Shemeji, hebu rudia pale kwenye jembe." Nikarudia. Akataka na pale kwa Tekla. Nikarudia mara tatu, nikiwa najisifu moyoni kwamba namvunja mtu. Vidole vyake vilikuwa vinagongagonga mezani. Mimi mjinga nilidhani vinatetemeka.

Jumapili iliyofuata akaja na kuku.

Nikampokea. Nilipaswa kumwambia kuku huyu si wangu, mpeleke Usevya mlangoni kwa aliyeimba, mbele ya walioitikia. Badala yake nikasema safari ni ndefu, kuku atafia njiani, nitampokea kwa niaba ya dada. Nikamchinja, nikamla na Kasiano, tukacheka. Siku hiyo hiyo nikakuandikia: ameleta kuku, amejuta, atarudi akuoe kanisani kama alivyoahidi. Na wewe kwa maneno yangu ukamkatalia Anselmo wa Magamba, mtu aliyefiwa na mke wake, asiye na doa, aliyetembea mpaka kwa mama mara mbili kukuposa.

Nilipoisikia ile santuri nilifunga kazi, nikaenda baa wanakofanyia mazoezi mchana. Nilimkuta amevaa suruali za bugaluu, pana mpaka zinafagia sakafu, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Akanikumbatia. Nikamwuliza mbele ya wenzake wimbo ule ni wa nani. Akacheka kidogo, akanivuta pembeni.

"Shemeji, si nilileta kuku?"

Nikamwambia kuku ni wa kuomba radhi, si wa kununulia wimbo.

"Nilileta kuku, ukampokea," akasema. "Ukamla mpaka miguu. Kwenu mambo yakiliwa kuku si yamekwisha? Sasa unataka nini tena?"

Nikamwuliza habari ya mwanamke aliyechoma mpini. Akasema wimbo lazima uwe na kosa la mtu, na watu hawanunui santuri ya mwanamume anayejilaumu. Nikamwuliza habari ya Tekla. Hapo aliangalia viatu vyake, kisha akasema jina hilo linaingia vizuri kwenye tarumbeta.

Dada, nilitaka kumpiga. Mkono haukunyanyuka. Kila neno nililokuwa nalo mdomoni alikuwa ameshalijibu kwa yule kuku. Nilisimama pale nikaona kwamba mtu aliyekuibia ni yeye, lakini mtu aliyemfungulia mlango ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja, kwa kujifanya mzee wa usuluhishi.

Nakuandikia haya sasa kwa sababu mbili. Wimbo unapigwa kila baa hapa, na wenye maduka wa Mpanda wanaagiza santuri huku huku. Utafika. Labda utausikia dukani umekwenda kununua chumvi, au kwenye redio ya mtu. Nimeona heri nikuumize mimi kwenye karatasi kuliko uanguke mbele ya watu. Na jambo baya kuliko yote, ukiuimba tena wimbo wako shambani, watoto wanaokua watakwambia umeuiga kwenye santuri na maneno umekosea. Sijui utawajibu nini. Mama Yustina yupo, na wale walioitikia wapo. Wao wanajua.

Sababu ya pili ni Anselmo. Mama aliniletea neno kwamba Anselmo amesema atangoja mpaka Pasaka, baada ya hapo atatafuta kwingine, na ana haki. Barua hii itachukua majuma mpaka Mpanda na itangoja lori la kuja kwenu. Nakuomba ikifika usikae nayo. Kasiano hatarudi. Si kwamba amezuiwa au anangoja nauli, kama nilivyokuwa nakuambia. Hataki. Anaishi na mwanamke Ilala na wana mtoto wa kiume anayetembea. Nilijua jambo hilo tangu mwaka jana nikalificha, nikisema moyoni nisikuumize, na huku nazidi kukuweka njiani umkodolee macho mtu asiyekuja. Ukitaka kunichukia, nichukie, sitajitetea. Lakini usinichukie kwa kumkatalia Anselmo mara ya pili.

Na mambo ya kanisani usiyaogope. Kasiano hakuwahi kukufikisha altareni, kwa hiyo hakuna cha kukufunga. Nenda kwa padri, umweleze, atakuambia hivyo hivyo.

Santuri yenyewe niliinunua. Nilitaka kuivunja, nikashindwa, kwa sababu chini ya ule upuuzi wake ni sauti yako inayopanda na kushuka pale pale ulipokuwa unavuta pumzi ukiinua jembe. Iko chini ya godoro. Siipigi.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu nitampa dereva yeyote wa Mpanda nitakayempata. Nisalimie baba mdogo mwenye mbuzi, mama Yustina na wanawake wote wa kupalilia. Katekista mwambie bado naenda misa, ingawa leo sikupokea komunyo. Kwa Anselmo fikisha salamu mwenyewe, kwa mdomo wako.

Na Kasiano. Kila barua umeuliza kama amekusalimu, nami kila mara nimekujibu kwamba amekusalimu sana. Nilikuwa nazitunga mimi salamu hizo, hakuwahi kutuma hata moja. Safari hii kweli ametuma neno, na ni haki yako kulipata jinsi lilivyo. Nilipokuwa natoka pale baa alinifuata mpaka mlangoni, akanishika bega, akasema, "Shemeji, ukimwandikia Filomena, mwulize kama anao wimbo mwingine."

Mdogo wako,
Desideri