Usiisugue Hiyo Nusu Dola

Mjukuu wangu Salim,

Huku Mombasa hatujambo. Dada yako amejifungua msichana, ana mapafu huyo! Nyumba nzima hailali.

Umeuliza kama uing'arishe ile nusu dola kuukuu uliyopewa na mgeni Mmarekani hapo hotelini Doha, kabla ya kumpelekea mnunuzi wa sarafu za kale. Weee, usithubutu! Itazame ukingoni tu. Ikiwa haina mstari wa shaba, yaelekea ni madini ya fedha.

Nilipokuwa msichana, mama aliwafulia nguo mabaharia wa Kimarekani, wakampa moja kama hiyo, nyeusi tititi. Akaisugua kwa majivu na ndimu kama sufuria ya harusi. Sonara alipoiona akashika kichwa: "Mama, umeutoa uzee wake! Sasa bei yake ni uzito wa fedha tu."

Mama akacheka, akamwambia aiyeyushe. Ndizo hereni hizi nilizovaa nikikuandikia.

Nawe unasema unaona haya kuja likizo, eti jua la kushinda umesimama getini hapo hotelini limekubabua. Njoo hivyo hivyo, baba. Nitakujua.

Bibi yako,
Mwanaisha