Wiki Mbili za Chiriku

3 Juni

Baba Chiriku,

Salamu. Sisi hatujambo. Kikohozi cha mwanao kimeisha na jino la mbele limeng'oka, pengo atakuonyesha mwenyewe. Mgongo wako unaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki dakika ya tatu bila kelele. Barua inakuja ndani ya mkoba wake wa shule, nawe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Shule ikifunga nataka kumpeleka Chiriku kwa dada yangu ng'ambo, wiki mbili, kuanzia tarehe 1 Agosti. Si mimi si yeye aliyewahi kuvuka mpaka. Pasipoti zimetoka. Sasa ubalozi unasema mtoto wa miaka tisa akisafiri na mzazi mmoja, yule mwingine lazima atoe barua ya ruhusa mbele ya wakili. Mfano wa barua huu hapa. Ni sahihi tu, haitakuchukua hata nusu saa.

Halafu lile begi kubwa la bluu, naomba ulitie magurudumu mapya na uimarishe mshono wa chini. Fundi mabegi ninayemwamini ni mmoja tu, ingawa tuliachana.

Mama Chiriku


8 Juni

Mama Chiriku,

Salamu nimezipata. Mgongo unauma kama wa mtu yeyote anayeshinda kwenye stuli. Pengo nimeliona, limenipigia mluzi jioni nzima.

Ni sahihi tu, unasema. Haya, kuuliza si ujinga. Tiketi ni ya kwenda na kurudi, au ya kwenda tu? Bima ya safari mmekata? Dawa yake ya pumu ataishika mwenyewe au itatupwa kwenye mizigo? Huko kuna baridi, na sweta analo moja ambalo mikono inaishia kwenye viwiko.

Na kubwa kuliko yote ni hili. Miaka ishirini na moja nashona mabegi. Mtu wa wiki mbili huniletea begi dogo akasema zipu tu, fundi, naondoka kesho. Anayetaka magurudumu mapya manne na mshono wa kubeba kilo thelathini, huyo huwa simwoni tena. Hata mmoja wao hajarudi kunilalamikia kwamba uzi umeachia. Mwaka jana dada yako alisema mbele yangu kwamba huku hakuna maisha, nawe ulinyamaza. Mimi Chiriku nampata siku mbili kwa wiki. Ukiniondolea hizo nitabaki na nini?

Usiniuzie mbuzi kwenye gunia. Sisaini.

Baba Chiriku


10 Juni

Baba Chiriku,

Natumaini mgongo umepata nafuu, maana ulimi naona ni mzima kabisa.

Tiketi ni ya kwenda na kurudi. Ndege ya kurudi inatua tarehe 15 Agosti saa tisa alasiri, nakala hii hapa, ipime kwa rula ukipenda. Bima nimekata. Dawa ya pumu ataivaa shingoni kwenye kimfuko, na barua ya daktari tunayo. Mimi ni muuguzi, usinifundishe kubeba dawa. Masweta nimenunua mawili. Begi ni kubwa kwa sababu ni moja kwa watu wawili.

Nilipokuwa mkeo ulikuwa unapekua mikoba yangu. Leo tumeachana, unapekua mshono. Miadi yetu ubalozini ni tarehe 24. Mtoto ameshalitangazia darasa zima, kwa hiyo ukikataa, wewe ndiye utakayemweleza.

Mama Chiriku


20 Juni

Baba Chiriku,

Habari za kazi? Huku tunapumua tu. Siku kumi sasa mkoba unarudi bila jibu. Chiriku amepanga nguo zake kitandani, anazikunja, anazikunjua, na kila akitoka kwako ananitazama usoni kabla sijafungua mkoba. Mtoto ameanza kutusoma, na mimi naona haya.

Sitaki kugombana tena. Nakuapia kwa kila nilicho nacho, mwanao atashuka kwenye ndege ile tarehe 15 Agosti. Tulidanganyana mengi mimi na wewe, lakini juu yake hatujawahi.

Mama Chiriku


22 Juni

Mama Chiriku,

Mimi mzima, nashukuru. Barua ya ruhusa iko ndani ya bahasha, imepigwa muhuri. Niliisoma tena na tena hadi wakili akanitolea kiti, ndipo nikasaini.

Begi liko tayari. Kuna saa nilitaka kulishona mara moja tu lipasuke njiani, lakini kazi ni kazi. Mshono ni wa mara mbili.

Tarehe 15 nitakuwa pale wanapotokea abiria. Nisipomwona, nitakuita mwizi mbele ya ndugu zako wote.

Baba Chiriku


14 Agosti

Baba Chiriku,

Hujambo? Barua hii imekuja kwenye mkoba uleule, na aliyeubeba ndiye huyo mbele yako. Mkumbatie kwanza, usome baadaye. Pumu haikumsumbua hata siku moja.

Mimi sikupanda ndege. Kuhusu begi ulikuwa sahihi, na nilikosea kukusimanga. Mwezi wa nne niliomba kazi katika hospitali anayofanya dada. Sikukwambia kwa sababu sikuamini watanijibu. Wameniita kwenye usaili tukiwa hapa, wamenipa mkataba wa miaka miwili, na kibali cha kazi wanakishughulikia wao. Dada alikuwa ameshamtafutia Chiriku shule, hadi sare amenunua. Akaniambia barua ya yule fundi ni karatasi tu, nani atasafiri mpaka huku kumdai mtoto?

Angeweza kubaki. Siku tatu nililipima hilo. Lakini nilikuapia. Nimemwambia mwenyewe kwamba yeye anarudi na mimi nabaki. Alilia sana, kisha akauliza nani atamsuka. Mhudumu wa ndege nimemlipia amlete hadi mkononi mwako.

Nina uchungu ambao sijawahi kuuona. Desemba nitaomba aje tena, na barua ya ruhusa nitaihitaji kwako. Safari hii sina ubavu wa kukukaripia.

Mama Chiriku


18 Agosti

Mama Chiriku,

Salamu. Huku wote wazima, na barua hii naituma kwa posta. Ya kwako nimeisoma mara nne.

Nilifika uwanjani saa nne asubuhi kwa ndege ya saa tisa. Abiria walitoka hadi wakaisha, mlango ukatulia. Nilikuwa nimeshampigia kaka yako simu, nimeshaanza kukutukana, ndipo mhudumu akatoka amemshika mkono. Nilisaini kwamba nimempokea. Halafu nikatazama nyuma yake nikikutafuta wewe, nakiri.

Nina hasira na wewe. Ulinificha, na ukaniacha nisome habari kama hiyo nikiwa nimesimama na mtoto. Lakini ungeweza kumbakisha, ukamrudisha. Hilo sitalisahau hata tukigombana tena, na tutagombana.

Jana nilimsuka. Ngozi ngumu nazishona, ila kichwa cha mtoto kimenishinda, leo anatembea na kofia. Anakula vizuri. Usiku anataka mlango uachwe wazi. Asubuhi alikaa karibu na cherehani, akaniuliza hadi Desemba ni siku ngapi, tukazihesabu pamoja kwenye kalenda. Alipomaliza alianza kuzihesabu upya.

Kwa wakili nakwenda Jumatatu. Likizo ya Desemba ni wiki tano. Kwenye ruhusa nimeandika zote tano.

Baba Chiriku