Majani Yasiyopigwa Nyundo

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo, ila mpwa wako hataki kushuka mgongoni, hata barua hii naiandika naye.

Ile bunduki ya kale ya marehemu baba, uliyosema niipige msasa ing'ae ndipo mnunuzi wako aichukue, nilimwonyesha kwanza fundi wa nakshi. Akaiinamia na kioo chake.

"Dada, waliochonga nakshi hizi ni mafundi wawili. Maua yamepigwa patasi kwa nyundo, ona mistari ina vingazi vidogo, kila pigo na chake. Majani ni laini kabisa, mtu kasukuma patasi kwa kiganja tu. Alijitesa nani huyu?"

Nikamuuliza mama. Akacheka.

"Nyundo alikuwa nayo baba yenu. Mimi nilikuwa na wewe mgongoni. Ningegonga, ungeamka." Akagusa jani moja lililopinda. "Hapa ulikohoa."

Kaka, nasi miaka yote tunasema nakshi ni za baba, mama alikuwa akiipaka bunduki mafuta tu! Mimi hata kifungo kimenishinda kushona na huyu mgongoni.

Msasa ungeyafuta yote. Usinikasirikie, haipigwi msasa. Mwambie mnunuzi wako fundi wa majani yupo hai, na binti yake amekataa.

Akupendaye,
Mdogo wako