Ile Lenzi Uliyonikataza

Dada Time,

Shikamoo, na uniitikie hukohuko Wete. Nshafika miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, kamera nne zimenifia mikononi, vyumba vyote vya kusafishia picha vya Mjini nimeviona vikifungwa, na mimi bado napiga. Goti lako je? Mimi mzima, ila nimechoka.

Ulinikataza lenzi kubwa. Pale dukani Darajani muuzaji naye akanambia, "Mzee Faki, chukua hii ndogo. Hiyo kubwa inataka mkono wa kijana." Kusikia hivyo, nikabeba kubwa.

Kazi hapa Paje ni kuwapiga picha wageni wanaoburutwa na matiara juu ya maji, mbali, karibu na mwamba. Meneja wa hoteli akanambia, "Mpaka bamvua hili la maji kujaa na kukauka sana liishe nataka uso wa mtu, si kivuli. Ukishindwa natafuta mwengine." Na wewe ulishaniapisha: nikikosa kazi, nirudi nikachunge mbuzi zako.

Lenzi ilinishinda uzito, dada. Stendi ya miguu mitatu upepo ukaiangusha. Nikaiegemeza lenzi juu ya polo, lile gunia kubwa, la mwani mkavu la Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani, jirani yangu. Laini kama mto! Ikakaa hapo kutwa nzima, najisifu. Nilisahau kuwa mwani mkavu una chumvi na unavuta unyevu. Jioni kioo kimeshika ukungu ndani, pete ya kuzungushia haiendi.

"Mwani wangu wenyewe naufunika nailoni," akasema Bi Mwanaidi, "wewe umeulaza mzinga wako juu yake!" Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikarudi Darajani, nikachukua ile ndogo. Kwa lenzi hiyo ndogo, ukisimama pwani, mtu ni nzi. Basi siku ya mwisho ya bamvua, maji yalipokauka, nikawafuata wanawake kwenye kamba zao za mwani, nikapiga hodi.

"Pita, mzee, lakini hilo jicho lielekeze kwa wageni. Sisi tumeinama!"

Nikapita mpaka ukingoni mwa mwamba, nikasimama hata maji yakanijaa kiunoni. Nimempata mgeni, meno yake yanahesabika.

Meneja kanibakisha. Miguu imevimba, nnaandika imo ndani ya beseni. Kurudi sirudi. Ila kwa ile lenzi ulisema kweli, na hilo nalisema mara moja tu.

Nisalimie shemegi, na mwanao mwalimu, na mjane wa kaka. Usiponiamini muulize Bi Mwanaidi, aliniona nilivyosimama. Yule wa dukani usimuulize.

Nduguyo mdogo,
Faki